Gesi imefika jikoni, mafunzo yake yako wapi?

Wahenga wetu walituachia methali kwamba pafukapo moshi pana moto. Methali hiyo ilitungwa na watu waliopikia kuni. Watu ambao hatari ya moto waliiona kwa macho, wakaisikia ikitoa cheche na wakaikimbia kabla haijawafikia. Leo hii mamilioni ya Wakenya wanapikia kitu kisichofuka moshi. Kinatoka katika mtungi wa chuma, hakionekani kwa macho, na chaweza kuijaza nyumba nzima wenyewe wakiwa wamelala. Hayo ni mabadiliko makubwa katika maisha ya taifa letu, na ni jambo la kusikitisha kwamba tumeyapokea kana kwamba tulibadilisha sufuria tu.

Nisieleweke vibaya. Sikusudii kumtisha mama aliyekwisha kuuaga moshi wa kuni arejee kupikuda macho mekoni. Gesi ni neema. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka wa 2020 pekee watu milioni 3.2 ulimwenguni walikufa kutokana na hewa chafu ya majumbani, ambayo kwa sehemu kubwa hutokana na moshi wa kuni, makaa na mafuta ya taa. Sensa yetu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba asilimia 55 ya nyumba nchini zilikuwa bado zinategemea kuni, ilhali karibu asilimia 24 zilikuwa zikipikia gesi. Kila nyumba inayohama kutoka kundi la kwanza hadi la pili inayaokoa mapafu ya watoto wake na kuipunguzia misitu yetu mzigo.

Hata hivyo, yafaa tujiulize uhamaji huu umetokeaje. Mnamo Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, na makaa yakawa adimu. Mnamo Septemba mwaka uo huo mafuta ya taa yalitozwa ada mpya ya shilingi 18 kwa lita, ili kuwazuia walaghai waliokuwa wakiyachanganya na dizeli. Kabwela aliyekuwa akipikia stovu akajikuta hana pa kukimbilia ila kwenye mtungi wa kilo 6. Alipofika huko alikuta bei isiyotulia. Ushuru wa thamani ya ziada, ambao gesi ilikuwa imeondolewa tangu 2016, ulirejeshwa Julai 2021 kwa kiwango cha asilimia 16, ukapunguzwa hadi asilimia 8 katika mwaka wa 2022, kisha ukaondolewa tena mwaka 2023. Isitoshe, tangu kiwanda cha kusafishia mafuta cha Changamwe kilipoacha kusafisha mafuta mwaka 2013, gesi tunayopikia huletwa kutoka ng'ambo, na bei yake hupanda na kushuka pamoja na dola.

Kwa ufupi, sera ndizo zilizomsukuma mwananchi kwenye gesi. Lakini sera hizo hazikumpa mwalimu. Zamani binti alifundishwa moto na nyanyake mekoni: namna ya kuuwasha, kuupunguza, kuufunika na kuuzima. Nyanya huyo hawezi kuufundisha moto wa gesi kwa sababu yeye mwenyewe hakulelewa nao. Muuzaji dukani humkabidhi mteja mtungi, akapokea fedha zake na kumgeukia mwingine. Mwendeshaji bodaboda huutua mlangoni na kwenda zake. Basi ni nani aliyemfundisha mpishi wa Kenya?

Matokeo ya pengo hilo tuliyaona usiku wa tarehe 1 Februari 2024 katika mtaa wa Mradi, Embakasi, jijini Nairobi, lori lililokuwa limebeba gesi lilipolipuka. Watu kadhaa walipoteza maisha, zaidi ya 270 wakajeruhiwa, na nyumba, magari na bohari zikateketea. Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, ilieleza kwamba katika mwaka wa 2023 ilikuwa imepokea maombi matatu ya kujenga kituo cha gesi mahali pale, na kwamba yote yalikataliwa, kwa kuwa watu ni wengi mno katika mtaa ule. Licha ya kukataliwa huko, gesi ilikuwepo, na majirani waliendelea kulala kando yake.

Waswahili husema figa moja haliinjiki chungu. Kwa maoni yangu, usalama wa gesi nchini unahitaji mafiga matatu: elimu ya mpishi, uaminifu wa mfanyabiashara na ukali wa sheria. Kila mara mtungi unapolipuka tunalizungumzia figa la tatu peke yake. Huwakamata watu wawili watatu, tukaunda kamati, kisha tukasahau. Ningependa leo tuanze na figa la kwanza, kwa maana ndilo lililo mikononi mwa walimu na wanafunzi wanaosoma ukurasa huu.

Mwanafunzi wetu wa sekondari hufundishwa kwamba propeni ni atomu tatu za kaboni na nane za haidrojeni, na kwamba buteni ni kaboni nne na haidrojeni kumi. Hulikariri jambo hilo na kulipasi katika mtihani. Lakini muulize ni kwa nini mtungi wa gesi usilazwe chali, naye atakutumbulia macho. Ilhali gesi ya kupikia ndiyo hiyo hiyo propeni na buteni aliyoichora daftarini! Elimu imekaa darasani, hatari imekaa jikoni, na hakuna anayezikutanisha.

Tuzikutanishe basi. Ndani ya mtungi, gesi imeshindiliwa hadi ikawa majimaji. Lita moja tu ya majimaji hayo ikitoka nje hutanuka na kuwa takriban lita 250 za gesi. Ndiyo maana mtungi sharti usimame wima: ukilazwa, majimaji yataingia katika rigyuleta na mpira badala ya gesi, na miali itaruka hadi kwenye dari. Ndiyo maana pia mtungi haujazwi pomoni. Takriban sehemu nne kwa tano ndizo hujazwa, ili majimaji yapate nafasi ya kutanuka wakati wa joto. Anayeulaza mtungi, kuutikisa au kuuchomeka katika karai la maji moto ili aipate gesi ya mwisho anayachezea maisha yake kwa ajili ya kikombe kimoja cha chai.

Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Propeni ina uzito wa mara moja na nusu ya ule wa hewa, na buteni mara mbili. Moshi hupaa na kutokea darini, lakini gesi hushuka sakafuni, ikatambaa chini ya kitanda na kujaa pembeni. Inapofikia baina ya sehemu 2 na sehemu 10 katika kila sehemu 100 za hewa, cheche moja yatosha kuilipua. Kwa asili haina harufu. Uvundo ule tunaousikia, kama wa kitu kilichooza, umetiwa makusudi viwandani ili uwe kengele yetu. Anayeusikia uvundo huo akauzoea ameiziba kengele.

Kutokana na maarifa hayo, kanuni za jikoni hujieleza zenyewe. Kabla ya kuwasha, mpishi afungue dirisha au mlango. Njiti ya kiberiti iwashwe kwanza, ndipo gesi ifunguliwe. Wanaofungua gesi kisha wakaanza kutafuta kiberiti ndio wanaounguza nyusi. Mapishi yakiisha, gesi ifungwe kwenye mtungi wenyewe wala si kwenye jiko tu. Mpira wa gesi ukaguliwe mara kwa mara, na ukionyesha nyufa au ukiwa mgumu ubadilishwe bila kusubiri mwisho wa mwezi. Watumiaji wa mtungi wa kilo 6, ambao kichwa cha jiko hukazwa juu yake moja kwa moja, wachunguze kile kipira kidogo cha kuzibia, kwani kikilika ndipo gesi hupenya. Anayeshuku kwamba gesi inavuja apake povu la sabuni kwenye viungo. Mapovu yakifura, gesi inatoka. Kuutafuta uvujaji kwa njiti ya kiberiti ni kulitafuta kaburi.

Je, ukirudi nyumbani jioni na kukuta uvundo umejaa? Usiwashe taa, wala usiizime ikiwa inawaka, kwa kuwa swichi hutoa cheche. Usipige simu ukiwa ndani. Funga mtungi, fungua milango na madirisha, watoe watoto nje, uutoe mtungi ukiweza, na uwaarifu majirani. Mafuta yakishika moto katika kikaango, zima gesi na ukifunike kikaango kwa mfuniko. Kamwe usiyamwagie maji, kwani maji huyarusha mafuta yanayowaka na kuusambaza moto. Mtu akiungua, sehemu iliyoungua itiwe kwenye maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha apelekwe hospitali. Dawa ya meno, mafuta ya kupikia na unga wa ngano havina nafasi katika jeraha la moto.

Mwali nao ni barua, anayejua kuisoma hufaidika. Mwali wa samawati ulio shwari huonyesha kwamba gesi inapata hewa ya kutosha na inaungua yote. Mwali wa manjano unaoacha masizi kwenye sufuria huonyesha kwamba matundu ya jiko yameziba au hewa haitoshi. Fedha zinapotea, na gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi, inatengenezwa. Hiyo ndiyo inayowaua watu wanaoingiza jiko la makaa chumbani wakati wa baridi na kufunga madirisha. Jiko la gesi lililochafuka katika chumba kisichopitisha hewa laweza kufanya vivyo hivyo.

Fauka ya usalama, kuna matumizi bora, na hapa ndipo mnyonge atakapoweza kuumudu mtungi wake. Maharagwe na mahindi ya githeri yakilowekwa tangu jioni hupikika kwa muda mfupi zaidi. Sufuria iliyofunikwa huchemka upesi kuliko iliyo wazi. Maji yakishachemka hayaongezi joto hata moto ukiwa mkali namna gani. Kwa hiyo yafaa kuupunguza mara moja na kuacha chakula kitokote polepole. Miali inayopanda pembeni mwa sufuria haipiki chochote, inaipasha hewa tu. Viungo vikatwe na mchele uchambuliwe kabla ya jiko kuwashwa. Mwenye uwezo wa kununua sufuria ya presha ataona mtungi wake ukidumu zaidi. Mambo haya yanaonekana madogo, lakini kwa familia inayojaza mtungi kwa mshahara wa kibarua, siku tano za ziada katika kila mtungi ni unga wa siku kadhaa.

Nageukia sasa figa la pili, biashara. Kanuni za mwaka 2009 zilizilazimisha kampuni kupokeana mitungi, ili mteja aweze kubadilishiwa mtungi wake popote. Nia ilikuwa njema, ila mtungi uliokuwa wa kila mtu ukawa hauna mwenyewe. Nani ataukagua na kuukarabati ilhali kesho utakuwa kwa mwingine? Kanuni za mwaka 2019 zikayageuza mambo: kampuni hairuhusiwi kujaza mtungi wa nyingine bila idhini yake ya maandishi, na mwenye jina kwenye mtungi ndiye mwenye dhima. Hivyo basi mtu anayejaza mitungi ya wengine kichinichini, uani au kwenye lori, hauzi gesi ya bei nafuu tu. Anauza mtungi ambao hakuna aliyeupima vali, huenda umejazwa kupita kiasi, na huenda umepunjwa. Anaweza kuuza kwa bei ya chini kwa sababu gharama ya ukaguzi amemwachia mteja ailipe kwa ngozi yake. Rahisi ni ghali.

Mteja anazo silaha zake, iwapo ataelezwa. Kila mtungi umeandikwa uzito wake ukiwa mtupu. Mteja auweke kwenye mizani, ajumlishe uzito huo na kilo 6 au kilo 13 za gesi, na hesabu isipotimia aukatae. Atazame kama lakiri kwenye vali haijavunjwa na kama jina lililo juu yake ni lile lililo kwenye mtungi. Aukatae mtungi uliobonyea au ulioliwa na kutu. Mfanyabiashara wa haki hatachukia kuombwa mizani, anayechukia amejitambulisha.

Kuhusu figa la tatu, sheria, swali la Embakasi halijatuondokea. Ikiwa mamlaka moja yaweza kukataa maombi mara tatu na biashara bado ikaendelea, basi karatasi haikuwa na meno. Serikali za kaunti, polisi, wasimamizi wa mazingira na EPRA hawana budi kuzungumza lugha moja, na raia anayeripoti kituo haramu alindwe asije akaumbuliwa kwa wenye kituo.

Tena lipo jambo ambalo wataalamu wetu hulipita kimyakimya. Hutushauri tuuweke mtungi nje ya nyumba na kuupitisha mpira ukutani. Ni shauri jema kwa mwenye nyumba yake. Lakini mpangaji wa chumba kimoja katika Pipeline, Githurai au Kisauni auweke wapi? Akiuacha kwenye veranda utaibwa kabla ya alfajiri. Kwa hiyo mtungi husimama baina ya kitanda na mlango, na mlango huo ndio njia pekee ya kutokea. Kumlaumu mpangaji huyo ni dhuluma. Wa kuulizwa ni anayejenga nyumba za kupangisha bila tundu la hewa, na afisa wa kaunti anayeidhinisha michoro yake. Maadamu taifa limeamua kwamba watu wapikie gesi, nyumba za watu sharti zijengwe kwa ajili ya gesi: dirisha linalofunguka, upenyo wa hewa karibu na sakafu, na kizimba cha mitungi nje kinachofungwa kwa kufuli.

Najua baadhi ya walimu wataguna. Watasema kwamba ratiba imejaa, kwamba Mtaala wa Umilisi umewaletea kazi za kutosha, na kwamba mambo ya jikoni ni ya wazazi. Hoja hizo si za kupuuzwa. Lakini sipendekezi somo jipya. Napendekeza kwamba mwalimu wa kemia anapofika kwenye propeni alete mtungi mtupu darasani, na mwalimu wa hisabati awape wanafunzi hesabu ya uzito wa mtungi badala ya magunia ya kubuni. Mwalimu wa Kiswahili naye aitishe insha ya maelekezo kuhusu namna ya kuwasha jiko la gesi, maana hakuna insha inayohitaji mpangilio wa hatua kuliko hiyo. Kama mtaala wetu kweli unajali kutenda kuliko kukariri, hapa pana pa kuanzia.

Aidha, masomo hayo yawe ya wavulana kwa wasichana. Mvulana anayehamia chumba cha kupanga karibu na chuo kikuu hununua mtungi wa kilo 6 katika wiki ya kwanza, na mara nyingi ndiye asiyejua lolote kuuhusu. Serikali nayo imekwisha kutangaza nia ya kuzihamisha shule za umma kutoka kuni hadi gesi. Matangi makubwa yatakapoletwa karibu na mabweni, itakuwa aibu kubwa ikiwa mpishi, mwalimu wa zamu na kiranja hawatajua wafunge wapi.

Mwanafunzi akifundishwa leo, jioni atamfundisha mamake, na mama atamfundisha jirani. Njia hiyo haihitaji bajeti ya bunge. Wizara ya Elimu inaweza kuianzisha muhula ujao kwa waraka mmoja, na mwalimu aliye tayari hahitaji hata kuusubiri waraka huo. Kampuni za gesi, ambazo zimefaidika sana na uhamaji huu, zigharimie mabango ya Kiswahili chepesi katika kila duka la mitungi. Wakaguzi nao watoke afisini kabla ya ving'ora kulia. Tahadhari huja kabla ya hatari, na katika jambo hili hatari imekwisha kututembelea mara moja Embakasi. Ni juu yetu kuhakikisha kwamba haikuti mlango ukiwa wazi tena.